Muulize Fundi wa Mitambo: Turbo ya pili imekufa, ninunue ya tatu?

Barua nyingi za mwezi huu ni za turbo. Nimeanza na ya Kilindoni kwa sababu mwenyewe ameeleza kila kitu kwa utulivu na ametuma picha za turbo zote mbili zilizokufa. Nyingine nimezijibu kwa ufupi, isipokuwa ile ya Kigoma, ambayo inahusu roho za watu.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni nahodha na mmiliki wa boti ya mbao inayobeba abiria na mizigo kati ya Kilindoni na Nyamisati. Injini ni Cummins 6BTA 5.9, niliinunua ikiwa imeshatumika. Mwaka jana ilianza kukosa nguvu, ikatoa moshi mweusi, na kila nikiongeza moto inalia kama king'ora. Zamani ilifika mizunguko 2,600, ikawa inagota 1,900. Fundi akasema turbo imekufa. Tukapata nyingine Dar es Salaam, ya mtumba lakini safi, ikafungwa, nguvu ikarudi. Haukupita muda moshi ukageuka wa bluu, oili ikawa inapungua, hosi ya hewa ikajaa oili ndani. Juzi turbo imekwama kabisa. Fundi anasema tuliuziwa mbovu, safari hii tununue mpya. Hela yenyewe ni ya kukopa. Naomba ushauri wako kabla sijasaini mkopo. *Nahodha, Kilindoni, Mafia*

JIBU: Marahaba, Nahodha. Usisaini bado. Turbo mpya ukiifunga leo kwenye injini hiyo ilivyo, itakufa kama zilivyokufa zile mbili, na deni utabaki nalo.

Turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa kwenye silinda, ni kifaa cha kudumu. Ikipata oili safi, hewa safi na moshi mkavu, inaweza kuzeeka pamoja na injini yake. Ikifa mapema, ujue kuna kitu kimeiua, na kitu hicho mara nyingi kipo nje ya turbo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kuichunguza maiti. Fundi anayefungua turbo mbovu akaitupa pembeni na kufunga nyingine ametupa ushahidi wote. Wewe umezihifadhi zote mbili, na hilo limekuokolea fedha nyingi.

Nimezitazama picha zako kwa makini. Fundi wako amehesabu ugonjwa mmoja uliojirudia, lakini mimi naona wauaji wawili tofauti.

Turbo ya kwanza. Tazama nyumba ya upande wa moshi, ile ya chuma cha kusubu. Ndani yake kuna magamba ya kutu yanayobanduka, na kwenye kona kuna unga mweupe. Ule ni chumvi. Feni yenyewe ya upande wa moshi imetengenezwa kwa madini ya nikeli yanayostahimili moto, hailiwi upesi. Kinacholiwa ni nyumba inayoizunguka. Kutu ikivimba inapunguza nafasi kati ya feni na ukuta, feni inaanza kusugua, ndipo unasikia ule mlio wa king'ora. Feni ikisugua haizunguki kwa kasi inayotakiwa, hewa haitoshi kwenye silinda, dizeli inachomeka nusu nusu, na moshi unakuwa mweusi. Dalili zako zote za mwaka jana zimo humo. Muuaji wa kwanza ni maji ya bahari.

Yameingiaje? Kwenye injini yako maji ya bahari, baada ya kumaliza kazi ya kupoza, humwagwa ndani ya bomba la ekzosi kwenye elbo, yaani kona ya bomba, iliyo nyuma ya turbo, ili kupoza moshi kabla haujafika kwenye hosi ya mpira. Elbo hiyo huliwa na chumvi, joto na masizi kutoka ndani, nje ikaonekana nzima kabisa. Ukuta wa ndani ukitoboka, kila unapozima injini maji yaliyobaki yanadondoka kurudi kwenye turbo. Tone kwa tone, usiku mzima. Njia nyingine ni ya tezi, yaani nyuma ya boti: boti ikilala nanga huku tezi inapigwa na mawimbi, na bomba la ekzosi halina kifuniko cha mpira wala halipandi juu vya kutosha, bahari inasukumwa ndani. Na ipo njia ya tatu ambayo mabaharia wengi hawaijui. Injini ikigoma kuwaka, ukashikilia stata muda mrefu, pampu ya maji ya bahari inaendelea kujaza ekzosi na hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Ikigoma mara mbili tatu, funga kwanza valvu ya maji ya bahari, utafute sababu, na uifungue mara tu injini inapowaka.

Fungua elbo. Piga kwa nyundo ndogo na usikilize, kisha chokoa ndani kwa bisibisi. Pakitoboka umepata jibu. Hata isipotoboka, tazama juu ya mahali maji yanapoingilia. Hapo panatakiwa pawe pakavu na masizi tu. Ukiona michirizi ya kutu au chumvi, maji yanapanda. Elbo mpya iwe ya chuma kisichoshika kutu, daraja la 316L, au ya shaba nyeusi ya kusubu iliyotengenezwa kwa kazi ya baharini. Bomba la mabati la mafundi wa maji ya nyumbani halifai, nimeliona likioza ndani ya muda mfupi sana. Na mahali maji yanapoingilia pawe juu ya usawa wa bahari kwa sentimita 30 au zaidi, boti ikiwa imepakia mzigo wake wote. Boti tupu inadanganya.

Sasa turbo ya pili. Hii haina kutu hata kidogo. Lakini tazama shafti: karibu na beringi imegeuka rangi ya bluu iliyoiva. Chuma hakigeuki bluu bila moto mkali. Beringi za turbo yako hazina gololi, ni vikombe vya madini laini vinavyoelea juu ya utando wa oili, na shafti ndani yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili ikikosekana kwa sekunde chache tu, shafti inaungua. Kisha ikaanza kuyumba, feni ya hewa ikagusa ukuta, ndiyo ile duara inayong'aa ndani ya nyumba ya alumini. Pete za kuzuia oili zikalika, oili ikavujia upande wa hewa, injini ikainywa, moshi ukawa wa bluu.

Oili imekosekana kwa nini? Kuza ile picha ya tundu la oili juu ya turbo. Kuna uzi mwekundu umening'inia ndani. Hiyo ni silikoni. Aliyefunga alipaka silikoni kwenye gasketi ya bomba la oili, ikajibana kuelekea ndani, ikakatika na kuziba njia. Tundu hilo ni dogo, haliruhusu takataka yoyote. Pale hufungwa gasketi yake kavu, basi. Zaidi ya hapo, natia shaka kwamba bomba la oili lenyewe ni lile lile la zamani. Turbo ya kwanza ilifanya kazi katika joto kali, na oili iliyobaki ndani ya bomba iliungua ikawa kaa gumu linalong'ang'ania kuta. Bomba hilo usilioshe kwa petroli na kulirudisha, kwa sababu kaa hubanduka baadaye, siku ambayo huijui. Nunua jipya. Ukilinganisha na turbo, bei yake ni ndogo sana.

Kwa hiyo aliyekuuzia turbo ya mtumba huenda hana kosa. Mtendee haki.

Kazi yako sasa iende kwa mpangilio huu. Kwanza, kabla ya kugusa stata tena, hakikisha maji hayakufika kwenye silinda. Maji yaliyofika kwenye turbo yanaweza kuendelea hadi kwenye valvu iliyoachwa wazi, na maji hayabanwi. Ukipiga stata, konrodi, yaani mkono wa pistoni, inapinda. Toa nozeli za dizeli, zungusha injini kwa mkono taratibu, uone kama kuna kitu kinachotoka.

Pili, fungua intakula, yaani kipoza hewa kilicho kati ya turbo na silinda. Katika 6BTA ya baharini intakula inapozwa kwa maji ya bahari yenyewe, na hapo pana mambo mawili. Oili ya turbo iliyokufa imelala humo, na vipande vya feni iliyosugua vinaweza kuwa vimenasa katikati ya mapezi, vikisubiri turbo mpya ivipulize kuingia kwenye silinda. Toa kiini chake, kioshe, kisha kipimwe kwa kukizamisha majini na kukijaza hewa. Likitoka povu popote, chumvi inaingia kwenye injini yako kwa njia hiyo, na elbo mpya haitakusaidia. Hata kikiwa kizima, kukifungua, kukipaka grisi kwenye mipira na kukipima kila baada ya miaka miwili ni kazi ya lazima kwa chombo cha maji ya chumvi. Wengi hawaigusi mpaka kiini kinaganda ndani ya nyumba yake na kutoka vipande vipande.

Tatu, bomba la kurudisha oili. Watu huliangalia bomba la kuleta na kulisahau la kurudisha, nalo ndilo lenye lawama mara nyingi turbo inapovuja huku beringi zake ni nzima. Oili inaingia kwenye turbo kwa nguvu ya pampu, lakini inatoka kwa uzito wake tu, imechanganyika na povu. Bomba la kurudi ni pana kwa sababu hiyo, na lazima lishuke moja kwa moja hadi kwenye karta, yaani bakuli la oili chini ya injini, bila kupinda wala kutengeneza tumbo. Hosi ya mpira iliyojikunja hapo inatosha kuirudisha oili nyuma, ikapenya kwenye pete na kutokea kwenye feni. Sababu nyingine ya kuvuja namna hiyo ni injini yenye ringi zilizochoka. Iwashe, fungua kifuniko cha kumwagia oili. Moshi ukipuliza kwa nguvu mfululizo, shinikizo la ndani ya karta linaizuia oili isishuke, na hapo ugonjwa wako ni wa pistoni, turbo inasingiziwa.

Nne, mwaga oili yote, badilisha filta. Oili ile imebeba unga wa beringi mbili.

Kisha ndiyo utafute turbo. Soma kibati kilichopigwa kwenye nyumba ya hewa na uchukue namba zote. Turbo mbili zinaweza kufanana kwa macho, kumbe feni zake zimekatwa tofauti na nyumba ya moshi ni ya ukubwa mwingine. Kama nyumba zako za nje ni nzima, unaweza kununua kiini tu, yaani shafti na feni zake katika nyumba ya beringi, ikiwa imesawazishwa kwenye mashine. Lakini nyumba ya moshi ya turbo yako ya kwanza usiitumie, imeshaliwa. Chukua ya turbo ya pili, uikague kama ina nyufa. Kubadilisha feni peke yake kwenye shafti ya zamani nakukataza kabisa, kwa kasi ile uzito ukizidi upande mmoja kidogo tu inajivunja.

Siku ya kufungua, nati za upande wa moto zimwagie dawa ya kutu tangu jioni. Nati ikigoma, ipashe moto, usiilazimishe. Stadi, ile bolti isiyo na kichwa, ikikatikia kwenye manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda, umejiongezea siku nzima. Kabla ya kutenganisha nyumba, chora mstari kwa msumari kuvuka maungio yote, ili mdomo wa hewa na tundu la oili virudi vilipokuwa. Tundu la kurudisha oili lazima litazame chini.

Ukishafunga, usiunganishe bomba la kuleta oili kwanza. Mimina oili safi kwenye tundu lake huku unazungusha feni kwa kidole, mpaka uione imeshuka kwenye bomba la kurudi. Unganisha. Kata mafuta, uzungushe injini kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Hapa valvu ya maji ya bahari iwe imefungwa, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Rudisha mafuta, fungua maji, washa, iache iungurume polepole dakika kadhaa. Usiikanyage kufurahia mlio. Kagua kila kiungo kwa tochi, na ukaze tena nati za moto baada ya safari ya kwanza injini ikishapoa.

Na fundi wako usimfukuze. Mwonyeshe picha hizi pamoja na jibu hili. Kilindoni inahitaji mafundi.

SWALI: Mzee, salamu kutoka Watamu. Boti yetu ya uvuvi wa watalii inatoa moshi mweusi na haifiki kasi yake. Mwenzangu anasema turbo, mimi nasema chini kumeota uchafu. Tutajuaje bila kufungua kitu? *Wapiga mbizi wawili, Watamu*

JIBU: Fungeni geji ya shinikizo la hewa kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, injini nyingi zina tundu lililozibwa kwa bolti kwa kazi hiyo hiyo. Kisha nendeni baharini, msipimie gatini. Turbo haifanyi kazi ya maana mpaka injini ibebe mzigo.

Kasi ikigoma kupanda, moshi ni mweusi, na geji inaonyesha hewa ya kutosha kulingana na kitabu cha injini, turbo ni nzima. Injini imelemewa: magamba na majani chini ya boti, kamba kwenye propela, au propela imepinda. Nyinyi ni wapiga mbizi, tumbukieni. Hewa ikiwa pungufu na moshi ni mweusi, shida iko kwenye njia ya hewa au ya moshi. Anzeni na filta ya hewa, kisha hosi na klipu zake kwa maji ya sabuni, kisha mkague mistari ya masizi kwenye gasketi ya manifoldi ya ekzosi, kwa sababu moshi unaovuja kabla ya turbo hauizungushi. Turbo yenyewe iwe ya mwisho. Na hewa ikiwa pungufu lakini moshi hakuna, injini inakosa dizeli. Badilisheni filta za mafuta kabla ya kugombana.

Ikibidi kuifikia turbo, zimeni injini, ipoe, mtoe hosi ya hewa, mshike pua ya shafti kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo kwenda pembeni msishtuke, ile ni nafasi ya utando wa oili. Ikicheza mbele na nyuma mkaisikia wazi kwa vidole, beringi ya kusukumia imekwisha, maana mchezo unaoruhusiwa upande huo kwa turbo za ukubwa huo ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Sukumeni pembeni huku mnazungusha. Feni ikigusa ukuta popote, turbo itoke.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni fundi kijana wa boti ya mizigo Ziwa Tanganyika. Tukiwa njiani injini ilipandisha moto yenyewe, moshi mweupe na wa bluu ukajaa kila mahali, nikazima kwa ufunguo haikuzimika, nikafunga dizeli haikuzimika. Iliunguruma mpaka ikajivunja. Watu wanasema ni mambo ya kishirikina. Ilikuwa nini? *Fundi, Kigoma*

JIBU: Marahaba mwanangu, na namshukuru Mungu kwamba uko hai kuuliza. Injini yako ilikuwa inachoma oili yake yenyewe. Pete za turbo zilipokatika upande wa hewa, oili ya karta ilisukumwa moja kwa moja kwenye silinda, na injini ya dizeli haichagui. Oili ni mafuta kama mafuta mengine. Ndiyo maana kufunga dizeli hakukusaidia. Kadiri injini inavyokwenda kasi, turbo inazunguka zaidi, pampu ya oili inasukuma zaidi, na moto unaongezeka mpaka oili iishe au chuma kikatike.

Kinachoizima ni kuinyima hewa tu. Kila boti yenye injini ya turbo iwe na kipande cha ubao bapa, au bamba la chuma, kipana kuliko mdomo wa hewa, kimefungwa kwa kamba karibu na ngazi ya chumba cha injini. Hosi au filta ya hewa unaing'oa, unaugandamiza ubao kwenye mdomo, unashikilia mpaka kimya. Usitumie kiganja, kwa sababu mvuto wa pale unararua nyama. Usitumie kitambaa wala shati, litavutwa ndani na feni italichana, hewa itaendelea kuingia. Chupa ya kuzimia moto ya gesi ya kaboni dayoksaidi ikipuliziwa kwenye mdomo wa hewa inasaidia pia, mradi mtu asijifungie nayo chini.

Lakini kama injini imeshafika kasi ya kutisha, chumba kimejaa moshi na huoni ngazi, toka. Toa watu wote chini, funga mlango na matundu ya hewa ya chumba cha injini kama yanafungika, kaa mbali na ubavu wa injini, kwa sababu konrodi ikikatika hutoboa bloku na kuruka. Injini inanunuliwa.

Dalili huwa zinatangulia: moshi wa bluu unapoongeza moto baada ya injini kuunguruma polepole, oili inayopungua kila safari, oili iliyotuama kwenye hosi kati ya turbo na manifoldi. Ukiikuta imetuama, usiondoke gatini hata kama mzigo umeshapakiwa na tajiri anapiga simu. Waonyeshe wenzako ubao huo na uwafundishe.

SWALI: Nasoma uhandisi wa meli Dar es Salaam. Mwalimu anasema turbo inatoa nguvu ya bure. Inawezekanaje? *Mwanafunzi*

JIBU: Bure kwa maana kwamba ilikuwa inatupwa. Karibu theluthi moja ya joto la dizeli hutoka na moshi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha hataza yake mwaka 1905, akitaka moshi huo uzungushe feni ya kusukuma hewa ndani. Ilimchukua miaka karibu ishirini kupata meli za kuonyesha kazi yake: Preussen na Hansestadt Danzig za Ujerumani, miaka ya 1920, ambazo injini zake zilipanda kutoka nguvu farasi 1,750 hadi 2,500. Silinda zile zile. Hewa ikiingia nyingi, unaruhusiwa kuchoma dizeli nyingi, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Dizeli hiyo ya ziada bado unainunua, kwa hiyo mwambie mwalimu wako tumekubaliana nusu.

SWALI: Turbo ya lori la Scania naweza kuifunga kwenye jahazi langu? Fundi ameshachonga mdomo wa kuunganishia. *Tajiri wa jahazi, Pangani*

JIBU: Hapana, Tajiri, na naomba unisikilize kwa sababu jahazi ni la mbao. Turbo ya lori imetengenezwa ipigwe na upepo wa barabarani. Nyumba yake ya moshi ni kavu, na injini ikibeba mzigo inawiva nyekundu. Za baharini nyingi nyumba yake inazungukwa na maji, au inavikwa blanketi la kuzuia joto. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka kila sehemu ya mtambo inayoweza kupita nyuzi joto 220 ifunikwe kama mafuta yanaweza kuifikia bomba likipasuka. Chumba chako cha injini kina mbao zilizolowa dizeli kwa miaka, na bomba la nozeli likipasuka linanyunyiza ukungu. Hilo peke yake linatosha kukataa, sijagusa hata suala la kipimo: turbo kubwa kuliko injini haiamki mpaka mwendo wa juu sana, na ndogo inazidishwa kasi ikapasuka. Ile iliyochongwa mdomo irudishe ulikoinunua.

SWALI: Nikifika gatini nisubiri dakika ngapi kabla ya kuzima? Mwenye boti ananiona napoteza mafuta. *Baharia, Mkokotoni*

JIBU: Tatu hadi tano. Ukizima ghafla kutoka kwenye mwendo mkubwa, oili inaacha kuzunguka huku shafti bado iko kwenye moto, na ile iliyobaki kwenye beringi inaungua kuwa kaa. Lakini kama umeingia bandarini taratibu, ukipishana na ngalawa na kusogea gati polepole, muda huo tayari umeupata njiani. Funga kamba zako kisha zima. Injini isiachwe ikiunguruma saa nzima kupakia samaki, hapo mwenye boti ana haki, kwani katika mwendo mdogo kupita kiasi shinikizo la hewa ndani ya turbo ni dogo na oili huanza kupenya kwenye pete. Oili iwe 15W-40 ya dizeli kama kitabu cha injini yako kinavyosema, kutoka kwenye dumu ulilolifungua mwenyewe.